Miaka 29 Rabai: Somo la Kuridhika na Unyenyekevu



Kwaya yetu imetimiza miaka 25. Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za albamu, safari na makombe, nasi tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Katika ukurasa huu tumeona vyema tumkumbuke mtu aliyemtumikia Bwana katika nchi hii kwa miaka 29 akiwa na machache sana ya kuonyesha. Huyo ni Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alitumwa na shirika la CMS, akafika Mombasa mwaka wa 1846. Alimkuta mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo wawili hao walianzisha kituo cha Rabai, wakipanda kwenda huko huku homa ikiwasumbua.

Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kuelekea Uchagani, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia alijua tu kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari hiyo ilipochapishwa Uingereza mwaka wa 1849, msomi wa jiografia William Desborough Cooley aliipinga vikali. Rebmann hakuiacha kazi yake ili akatetee jina lake London. Zaidi ya miaka 10 ilipita kabla ya msafiri Karl Klaus von der Decken kufika mlimani na kuthibitisha kwamba theluji ipo.

Mwaka wa 1853 Krapf alirudi kwao kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Alikuwa akijifunza lugha ya watu wa Nyasa, na mwalimu wake alikuwa mtumwa aliyeitwa Salimini. Sisi tuliosomea ualimu tunajua si rahisi mtu msomi kukaa chini ya mtu ambaye jamii imemdharau, akasahihishwa neno kwa neno. Kutokana na masomo hayo ilipatikana kamusi iliyochapishwa mwaka wa 1877. Mwaka wa 1866 mke wa Rebmann alifariki. Macho yake nayo yakazidi kufifia, na Wakristo wa kituo chake bado walikuwa wa kuhesabika.

Je, huko kulikuwa kuridhika au uvivu? Hata baadhi ya watu wa wakati wake walimwona mzito, asiyetaka kutoka kituoni. Swali hilo ni la haki, maana kuridhika si kubweteka. Aliyebweteka ameacha kazi. Aliyeridhika anaendelea na kazi hata kama hapigiwi makofi. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote (Wafilipi 4:11). Tutazame neno kujifunza: hata mtume hakuzaliwa nalo. Katika sura hiyo hiyo anawasihi Euodia na Sintike wapatane, na anashukuru kwa msaada aliotumiwa. Kumbe mtu aliyeridhika hukubali kusaidiwa, wala hafumbii macho ugomvi.

Nasi wanakwaya tunalihitaji somo hili. Tunajua jinsi moyo unavyouma mwingine anapopewa kuongoza wimbo, au kwaya jirani inaponunua vyombo vipya. Tunajua pia Jumapili za mvua, waumini wakiwa wachache kuliko sisi tulio mbele. Basi katika jubilii hii tujiulize: mwaka ujao usipokuwa na albamu wala kombe, tutafika mazoezini? Anayeimba besi safu ya nyuma, ambaye jina lake halijawahi kutangazwa, je, tumemshukuru?

Rebmann aliondoka Rabai mwaka wa 1875 akiwa kipofu, akafariki Ujerumani mwaka wa 1876. Mwaka huo huo alioondoka, makao ya watumwa walioachwa huru yalianzishwa Freretown, na kanisa la pwani likaanza kukua kwa namna ambayo yeye hakuiona. Leo ukifika Rabai utakuta kanisa na jumba la makumbusho, na watoto wa mji huo wanaimba.

 Mungu atupe miaka mingine ya kumwimbia, tukionekana na hata tusipoonekana.

Ni sisi wenu katika uimbaji,
Ofisi ya Katibu wa Kwaya