Simu ya Upepo na Piloti Zake Kamalondo

Kabla ya vita vya 1914, chini ya ufadhili wa Mfalme Albert wa Ubelgiji, mhandisi Robert Goldschmidt alisimamisha katika Kongo vituo vya simu ya upepo, kama wazee wa pwani walivyoiita telegrafu isiyo na waya, mlolongo uliotoka upande wa bahari ukafika mpaka Elisabethville, mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1910. Na mtaa wa Waafrika wa mji huo, ambao leo ndio Kamalondo ya Lubumbashi, ukaja kupewa jina la mfalme yuyo huyo.

Kadi ya laptopu inayonasa mtandao hewani ni mjukuu wa simu ile. Kanuni yake ya kwanza, 802.11, ilitangazwa mwaka 1997, ikipitisha megabiti 2 tu kwa sekunde. Ile ya 802.11b, ya 1999, ikafikia 11. Zama hizo kadi aghalabu ilichomekwa ubavuni mwa mashine, nayo ilikuja na diski yenye ile programu ambayo sisi wa Lubumbashi, kwa kufuata Kifaransa, twaiita piloti, iliyo mkalimani baina ya kadi na mfumo wa kompyuta. Mwaka 2003 Intel, kwa jina la Centrino, ikaieneza desturi ya kuitia kadi tumboni mwa laptopu; raha ikazidi, lakini diski ikatoweka, na anayenunua mashine iliyokwisha kutumiwa ng'ambo hupata kadi asiyoijua nasaba yake. Windows XP ya 2001 ilikuwa imeleta njia ya kurudisha piloti ya awali, nayo hurudi hatua moja tu.

Dhiki kubwa ni hii: piloti huteremshwa kwa mtandao, na mtandao hauji pasipo piloti. Katika dhiki hiyo ndimo ilimozaliwa hazina ya fundi, yaani flashi iliyojaa matoleo ya kale ambayo wengine wameyafuta.

Siku moja mashine yangu, baada ya piloti yake kubadilishwa mara mbili, iliacha kuona mtandao wowote, nikaipeleka kwa fundi kijana wa Kamalondo. Hakukurupuka. Alifungua orodha ya vifaa, akasoma tarakimu nne zinazotaja kabila la kadi, kama 8086 ilivyo alama ya Intel na 14E4 ya Broadcom. Kisha akaandika toleo na tarehe, kwa kalamu, katika daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Njia ya kurudi haikufaa, kwa kuwa matoleo mawili mabovu yalikwisha kufuatana. Akachomeka flashi, akateua toleo la miaka mitatu nyuma, akaiwasha mashine upya.

«Papa, ile ya zamani njo ya muzuri,» akaniambia, na majina ya mitandao ya jirani yakajitokeza moja baada ya jingine. Ndipo akauzuia mfumo usije ukaleta tena lile jipya.

Daftari lile, kwa maoni yangu, ni tarikhi bora ya kazi hii kuliko waraka wowote wa kiwanda. Nawasihi vijana wanaojifunza ufundi Kamalondo wayahifadhi madaftari ya walimu wao, wala wasifute piloti ya zamani mpaka mpya iwe imekwisha kufanya kazi salama, siku baada ya siku, katika mashine ya mwenyewe.