Raia wa Heru Juu Alipatikanaje?

Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita, "Raia ni nani?" Atakujibu harakaharaka, kama anayetaja tebo ya saba. Sasa mwulize, "Na wewe ulipataje kuwa raia?" Kimyaa!

Somo lenyewe limebadilishwa jina mara nyingi. Liliitwa Siasa enzi za chama kimoja, likawa Uraia baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kisha Uraia na Maadili. Mabadiliko ya mtaala ya 2023 yametuletea Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili hata sekondari. Mimi nasema heri! Historia na uraia havikupaswa kuachana. Ila tukibadilisha jalada tu na kukariri kukabaki palepale, tutakuwa tumejidanganya.

Mimi ni mwandishi wa habari, si mwalimu. Lakini ningepewa vipindi vitatu Heru Juu, kule Kasulu, makao ya zamani ya watawala wa Heru, ningefanya hivi.

Kipindi cha kwanza, mstari ubaoni. Tubuni bibi mmoja aliyezaliwa hapo mwaka 1905 na kufariki 1970, bila kuhama hata siku moja. Alizaliwa chini ya bendera ya Wajerumani. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Mwaka 1921 wakaja Waingereza. Mwaka 1961 ikawa Tanganyika huru, na 1964 Muungano. Wakati huohuo, mpaka 1963 serikali ilipoufuta uchifu, bibi alikuwa pia mtu wa Mwami. Watoto wahesabu wenyewe: bibi ametawaliwa na wangapi? Na ni lini aliulizwa anamtaka nani?

Kipindi cha pili, mpaka. Wajerumani waliitawala Buha na Urundi katika koloni moja. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha wakubwa wakagawana: Ruanda-Urundi ikabaki kwa Wabelgiji, Buha ikarudishwa upande wa Waingereza. Kiha na Kirundi vinasikilizana mpaka leo, maana lugha haikusubiri ramani. Ndiyo maana Muha akifungua mdomo mbali na kwao huulizwa, "Wewe si Mrundi?" Wapo wanaotakiwa kuthibitisha kwamba ni Watanzania, wakati babu zao hawajawahi kuvuka mto wowote.

Hapo mwalimu alete fumbo. Sheria ya uraia ya 1961 ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa Tanganyika, ambaye mzazi wake mmojawapo naye alizaliwa Tanganyika. Sasa mama yake bibi alizaliwa miaka ya 1880, wakati hakuna nchi yenye jina hilo. Cheti cha kuzaliwa hana. Je, tunathibitishaje? Kwa ushahidi wa nani? Gawa darasa: hawa maofisa, hawa wazee wa kijiji, hawa ndugu wa bibi. Waache wabishane. Kisha wafungue Sheria Na. 6 ya 1995, inayotumika sasa, watafute kama kuna mahali lafudhi imetajwa kuwa kipimo cha uraia. Hawatapaona.

Angalizo kwa mwalimu: tumia bibi wa kubuni. Usimsimamishe mtoto na kumwuliza ukoo wake mbele ya wenzake. Eneo hili limepokea wakimbizi tangu zamani, na kambi ya Nyarugusu, wilayani humohumo, ilifunguliwa mwaka 1996. Huwezi kujua nani darasani anaogopa swali hilo. Tunamfundisha haki zake, hatumhoji.

Kipindi cha tatu, kiti. Mwami wa mwisho wa Heru kabla uchifu haujafutwa alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, aliyeshika madaraka 1946. Mtoto wa kike anayekaa dawati la nyuma alijue hilo kabla hajaambiwa uongozi ni wa wanaume! Lakini asiishie kusifu. Aulize: Mwami alikosolewa na nani? Na mwenyekiti wa kijiji je? Kisha darasa liwe mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Wachague mwenyekiti, wasomewe mapato na matumizi ya kubuni yenye pengo ndani yake. Tuone nani atanyoosha mkono.

Neno lenyewe "raia" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni watawaliwa, kama kundi lenye mchungaji. Sisi tumeligeuza, leo raia ndiye mwenye nchi. Mageuzi hayo yalipita Heru Juu hatua kwa hatua, ndani ya umri wa bibi mmoja.

Najua utaniuliza, na mtihani je? Ndugu yangu, aliyebishana kuhusu uraia wa bibi kwa dakika arobaini hatashindwa kujibu "taja njia za kupata uraia". Na akija kuulizwa stendi yeye ni wa wapi, atakuwa na la kujibu bila kutetemeka.