Spirulina

Spirulina ni chakula kinachotokana na bakteria wa jenasi Arthrospira, viumbe vidogo vya rangi ya kijani na buluu vyenye umbo la uzi uliojisokota. Si mwani wa baharini kama unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar. Spirulina hustawi katika maji ya magadi.

Makazi. Katika eneo la Mlima Meru hupatikana kwenye Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ni chakula kikuu cha heroe mdogo, na karotenoidi zake humpa ndege huyo rangi ya waridi.

Lishe. Ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ina pia madini ya chuma na beta-karotini. Karibu na Ziwa Chad, wanawake wa Kanem huivuna, huikausha juani na kuipika katika mchuzi, na huiita dihé. Tofauti na mwani wa baharini, haina iodini ya kutosha kukinga rovu. Sehemu kubwa ya vitamini B12 yake haitumiki mwilini mwa binadamu.

Tiba. Tafiti zimeonyesha kuwa inaweza kupunguza kidogo lehemu katika damu, lakini haichukui nafasi ya dawa.

Tahadhari. Isivunwe ziwani kiholela. Maji ya Momela yana floridi nyingi mno, na bakteria wengine wanaofanana nayo hutoa sumu inayodhuru ini. Spirulina salama kuliwa ni ile iliyokuzwa katika mabwawa safi na kupimwa maabara.