Barabara ya Dhahabu: Makongolosi hadi Mbeya

Mgeni anayefika Mbeya kutalii huonyeshwa kilele cha Loleza, hupelekwa Ziwa Ngosi na kwenye kimondo cha Mbozi. Mara chache huambiwa kwamba mji huu wenye baridi, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikuzwa na watu waliolala ng'ambo ya milima, kwenye joto na vumbi la Chunya na Makongolosi.

Dhahabu ya Lupa, kama machimbo ya huko Chunya na Makongolosi yanavyoitwa, ilianza kuokotwa kwenye vijito mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kishindo chenyewe kilikuja baadaye. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikaipandisha bei ya wakia moja kutoka chini ya dola 21 hadi 35. Miaka hiyohiyo bei ya kahawa na mkonge iliporomoka, na walowezi waliofilisika wakakimbilia machimboni. Mmoja wao ni George Rushby, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuwawinda simba wala watu wa Njombe. Alikuwa na shamba la kahawa karibu na Mbeya. Kahawa ilipokosa bei, akaenda Lupa kutafuta dhahabu.

Kazi ilifuata majira. Masika vijito vilijaa, mchanga ukaoshwa kwenye karai. Kiangazi maji yalikauka kabisa, na hapo wachimbaji wakatumia mashine ya kupepetea: mchanga mkavu unamwagwa juu ya chekeche, mtu anavuta mivukuto, upepo unapeperusha vumbi na dhahabu, kwa uzito wake, inabaki chini. Aliyeshinda kwenye mashine hiyo alitoka mweupe kuanzia nywele hadi kucha.

Ndiyo maana safari ya Mbeya ilisubiriwa kwa hamu. Kule kulikuwa na ofisi za serikali, maduka ya Wahindi, hoteli na hewa ya kupumua. Tangu mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizoruka kati ya London na Cape Town zilitua Mbeya, kwa hiyo barua za wiki nazo zilikuwa huko. Mzungu mwenye lori alipanda milima, lori likinguruma kwa gia ya kwanza hadi juu ya mita 2,000, akashukia mjini upande wa pili. Akarudi na petroli, unga na vipuri.

Kibarua hakuwa na safari ya kila wiki. Alichopata kila wiki ni posho. Mshahara wake ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku aliyougua au kupumzika haikuingia. Maelfu ya vijana, Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha na wengine kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), walifika kwa miguu na kuondoka kwa miguu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika jinsi fedha za machimboni zilivyowawezesha vijana kununua ng'ombe wa mahari bila kuwasubiri baba zao. Mchele wa pwani ya Ziwa Nyasa nao ulipelekwa Lupa kuwalisha wachimbaji. Vibarua hawa ndio waliobeba uchumi wa nyanda hizi mabegani, na historia ya Mbeya ikiwaacha nje itakuwa na pengo kubwa.

Dhahabu ya vijitoni ilipopungua, kazi ikahamia kwenye miamba. Mgodi wa New Saza ulifunguliwa mwaka 1939 na kufungwa 1956. Machimbo yakapoa kwa miaka mingi, kisha wachimbaji wadogo wakarudi na maduara yao (mashimo ya kuchimbia), makarasha ya kusaga mawe na zebaki ya kunasia dhahabu.

Sasa lami ipo: kilomita 72 kutoka Mbeya hadi Chunya, na nyingine 39 kufika Makongolosi. Tangu mwaka 2019 Chunya ina soko lake la madini, hivyo mchimbaji hahitaji kuvuka milima ili auze. Bado anapanda Mbeya kutafuta kipuri, kumwona daktari wa hospitali ya rufaa, kununua nguo soko la Mwanjelwa.

Wazee ambao baba zao walishika vipande vya Lupa wapo Chunya, Rungwe na Kyela. Vyuo na halmashauri za Mbeya ziwafuate na kuandika habari zao sasa, wakiwa hai.