Darasa la Kiingereza la Lokitaung

Kutoka Kaikor ukishuka kusini-mashariki utafika Lokitaung. Ni mji mdogo wa mawe na jua kali, karibu na mpaka wa Ethiopia. Serikali ya kikoloni iliuchagua kwa sababu rahisi: kule, jangwa lenyewe ni ukuta. Mfungwa akitoroka, ataenda wapi?

Wengi tunajua kipande kimoja cha hadithi. Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Jomo Kenyatta alikamatwa. Aprili 1953, kule Kapenguria, yeye, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko wakahukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, ingawa hakuachiliwa huru. Wenzake wakabaki Lokitaung. Vitabu vya shule huishia hapo, halafu vinaruka hadi Uhuru kana kwamba miaka yote ile jela hakukuwa na kitu kilichofanyika.

Kilifanyika. Mojawapo ni darasa la Kiingereza.

Mwanafunzi aliitwa Waruhiu Itote. Wewe labda unamjua kwa jina la msituni, Jenerali China. Alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mwaka 1942 aliingia jeshi la KAR na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Jeshini alitumia Kiswahili, lugha kuu ya askari wa KAR. Vita vilipokwisha akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za gari la moshi. Kisha akaapa, akaingia msituni, akawa kamanda wa wapiganaji wa Mlima Kenya.

Januari 1954 alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Aliyemhoji, kwa saa 68, alikuwa afisa wa polisi Ian Henderson. Hapo ndipo suala la lugha linapouma. Henderson alikulia Kenya na alizungumza Kikuyu kama mtu wa nyumbani. Aliweza kuuliza swali, kusikiliza jibu, na kusikia hata kile ambacho Itote hakukisema. Itote hakuwa na silaha kama hiyo upande wake. Serikali iliyomshika ilifanya kazi kwa Kiingereza: sheria zake, faili zake, hukumu yake. Wao walimwelewa kwa lugha yake, lakini yeye hakuweza kuwasoma kwa lugha yao.

Alihukumiwa kifo. Baadaye serikali ikaona ana faida akiwa hai, ikamtumia kujaribu mazungumzo na wapiganaji waliobaki msituni. Mazungumzo hayakufika mbali. Hukumu ya kifo ikafutwa, naye akapelekwa Lokitaung.

Mwalimu alikuwa Kenyatta. Kwa sababu ya umri wake hakupewa kazi ngumu kama wengine. Alipewa jiko, akawapikia wenzake. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza wa Lokitaung alikuwa mpishi wa jela. Itote mwenyewe aliandika baadaye kwamba Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza pale.

Hebu tujiulize: huyu mpishi yeye alikijulia wapi? Alianzia misheni ya Waskoti pale Thogoto. Lakini Kiingereza cha misheni hakikutosha kubishana na wizara kule London. Alikwenda huko mwaka 1929, akarudi, kisha mwaka 1931 akaenda tena na kukaa miaka 15. Alianza kwa kunoa Kiingereza chake katika chuo cha Woodbrooke, Birmingham. Baadaye, katika miaka ya 1930, akiwa London na mfuko mtupu, alipata kibarua University College kama msaidizi wa lugha. Kazi yake ilikuwa kutoa sauti za Kikuyu ili mtaalamu wa fonetiki Lilias Armstrong azisikilize na kuziandika. Yaani alilipwa kwa lugha ya mama huku akijijenga kwa lugha ya wengine. Alionekana pia kama mwigizaji wa ziada katika filamu ya Sanders of the River. Wakati wa vita alifanya kazi shambani Sussex, na akatoa mihadhara kwa chama cha elimu ya wafanyakazi, kile kinachowafundisha watu baada ya saa za kazi.

Kwa hiyo Kenyatta alijua vizuri maisha ya mtu anayejifunza kwa saa zilizobaki. Kile alichokiokota Ulaya kidogo kidogo, kati ya kibarua na njaa, alikigawa tena jangwani.

Si kwamba Lokitaung palikuwa na amani. Wafungwa waligawanyika vibaya. Kaggia, Kubai na Ngei walikuwa upande mmoja, Kenyatta upande mwingine, na Itote akasimama na mwalimu wake. Lakini pande zote zilijua nguvu ya kalamu. Mwaka 1958 gazeti la The Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung wakilalamikia hali yao. Mwezi huohuo wa Juni, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi, akasema hawa bado ni viongozi wa watu. Barua ilikuwa imepita pale ambapo mtu asingepita.

Aprili 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Itote aliachiliwa mwaka 1962, akaenda Israel kwa mafunzo ya kijeshi, akarudi kuwa mmoja wa viongozi wa huduma ya vijana, NYS. Mwaka 1967 kitabu chake, "Mau Mau" General, kilitoka kwa Kiingereza. Fikiria hapo. Mtu aliyehojiwa saa 68, maneno yake yakawekwa kwenye faili la polisi, sasa alikuwa na kitabu chenye jina lake, kwa lugha ya faili lile. Wasomaji wa London wangeweza kumsoma bila kupitia kwa Henderson.

Leo madarasa ya jioni yamejaa. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, kijana anayefanya kazi mchana anatafuta Kijerumani usiku. Mwingine anatafuta Kikorea, yuko Nairobi au tayari yuko ughaibuni, na saa pekee aliyo nayo ni ile ya kulala. Watu huwacheka: ati unajifunza lugha ili ukatumwe vizuri. Inaweza kuwa hivyo. Mwajiri anataka uelewe amri, basi.

Lakini lugha haikai pale mwajiri alipoiweka. Ukishaelewa amri, utaelewa pia mkataba, hati ya mshahara, na kile wanachosema juu yako wakidhani husikii. Henderson alilijua hilo mapema, ndiyo maana alikuwa hatari. Itote alilijua kwa kuchelewa, jela, kutoka kwa mpishi. Hata hivyo alijifunza.