Yawurti na Munkoyo: Mambo Ambayo Tumbo Letu Linayajua

Tukipita leo katika Kenya, Katuba ao Kamalondo, tunakuta vikopo vya yawurti ndani ya frigo za maduka. Wazazi wengi wananunulia watoto, na wanatuambia: "Mwalimu, hii njo dawa ya tumbo." Pembeni ya barabara mama mmoja anauzisha munkoyo katika bidoni, na kijana wa masomo anapita bila kumuangalia. "Munkoyo ni ya batu ba ku mugini," wanafunzi wetu wanasema na kucheka. Katika maandiko haya tunataka kuonyesha kwamba vitu hivi viwili ni vya ukoo mmoja, na anayecheka kimoja hajajua historia yake.

Tuanze na maziwa. Wakubwa wetu wa upande huu, Basanga, Balamba na wengine, walikuwa walimaji, wawindaji na wavuvi. Hawakuwa wachungaji wa ng'ombe. Mbung'o, ile nzi inayoleta malale kwa mtu na kuua ng'ombe, haikuwapa nafasi. Ni wakati wa ukoloni tu ndipo wazungu walileta mifugo mikubwa katika Katanga, kama kule juu Biano kwenye baridi. Basi kwa wengi wetu maziwa yalikuja ndani ya kopo, kwanza ya maji, kisha ya unga.

Kuna wengi wanaokunywa kikombe cha maziwa asubuhi, na mbele ya saa sita tumbo inafura, inanguruma, hewa inajaa. Wengine wanafikiri wamepewa sumu. Hapana. Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktozi, karibu gramu 12 katika kikombe cha mililita 250. Ili sukari hiyo ikatwe, utumbo unahitaji enzimu, tuseme kisu kidogo cha mwili. Mtoto mchanga anayo ya kutosha. Lakini kwa karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani inapunguka. Sukari isiyokatwa inafika katika utumbo mkubwa, bakteria zinaila na kutoa hewa. Njo kufura kwenyewe.

Yawurti inasaidia hapo. Bakteria zake zinakula sehemu ya ile sukari wakati maziwa yanaganda, na zikifika tumboni zinaendelea kuikata. Mbulgaria Stamen Grigorov alichunguza moja ya bakteria hizo huko Geneva katika mwaka wa 1905. Kisha Élie Metchnikoff wa Institut Pasteur ya Paris akaeneza wazo kwamba maziwa machachu yanarefusha maisha. Wazo hilo halikupata uhakikisho. Katika mwaka wa 1919, Isaac Carasso alianza kutengeneza yawurti huko Barcelona, na mwanzoni iliuzwa katika famasi kama dawa. Lakini katika mwaka wa 2010 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walikubali jambo moja: yawurti yenye bakteria hai inasaidia mtu asiyeweza laktozi. Ni hilo tu. Na bakteria zinapaswa kuwa hai. Yawurti iliyochemshwa baada ya kugandishwa haina tena nguvu hiyo.

Ndugu zetu wa Kivu, wenye ng'ombe, hawakungoja Paris. Mashanza yao, maziwa yaliyoachwa kuchacha, ni kazi ileile. Na sisi tusiokuwa na ng'ombe, je, tulikaa bure? Hapana, tulikuwa na munkoyo.

Mama anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Anaponda mizizi ya munkoyo, anaitia ndani, kisha anachuja. Uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu, hata bila sukari. Mizizi hiyo, ya mimea ya jamii ya Rhynchosia na Eminia, ina enzimu inayokata wanga. Njo maana uji hauwekewi mizizi ukiwa wa moto sana: enzimu ingekufa. Usiku bakteria zinaingia kazini, na asubuhi kinywaji kina uchachu. Kikiachwa siku nyingi, kinakuwa pombe. Profesa François Malaisse, aliyefundisha katika Université ya Lubumbashi, alikusanya elimu ya vyakula vya miombo katika kitabu *Se nourrir en forêt claire africaine* cha mwaka wa 1997. Mama zetu walikuwa nayo mikononi bila kitabu.

Munkoyo haina laktozi. Asiyeweza maziwa hana cha kuogopa upande huo. Lakini tuseme ukweli pia. Munkoyo si dawa ya kila tumbo. Mizizi inatiwa mbichi, na kinywaji hakichemshwi tena. Maji machafu ao bidoni chafu vinaweza kuleta kuhara, hata kipindupindu, ambacho Katanga imekijua mara nyingi. Na tumbo inayofura kila siku, ao mtu anayekonda, aende kwa munganga.

Kuna hatari nyingine inayotuuma zaidi. Miombo ya kandokando ya Lubumbashi inakatwa kwa ajili ya makala, na kuchimba muzizi ni kuondoa mumea wenyewe. Pori likirudi nyuma, muzizi unakwenda mbali. Na mama asipofundisha binti yake, elimu inakwenda naye kaburini. Yawurti haiwezi kupotea, ina viwanda duniani kote. Munkoyo ina mama zetu tu.

Basi tunaomba kila msomaji afanye jambo moja. Jumapili hii amuulize mama ao nyanya yake: "Muzizi wa munkoyo unaujua namna gani katika pori?" Na jibu lake aliandike.