Majumba ya Sinema ya Miji Midogo na Suala la Ruzuku ya Umma

Suala la iwapo jamii yapaswa kuyasaidia majumba ya sinema ya miji midogo kwa fedha ya umma aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni suala la sadaka. Wapo waonao kuwa mwenye jumba ni mfanyabiashara kama wengine, na akishindwa na afunge mlango. Wapo pia waonao kuwa jumba ni mali ya utamaduni, na kwamba halipimwi kwa faida. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia inaliweka suala hili mahali pengine. Tangu tiketi ya sinema ilipoanza kutozwa kodi, umma na jumba la sinema wamekuwa na hesabu baina yao. Linalofaa kuulizwa kwanza ni kwamba fedha hiyo ilielekea wapi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ufaransa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili nchi hiyo iliunda taasisi ya taifa ya sinema mwaka 1946, na kwa sheria ya mwaka 1948 ikaanzisha mfuko uliopata fedha kutokana na kodi maalumu juu ya kila tiketi. Fedha hiyo haikuzama katika hazina kuu. Ilirudi kwa watengenezaji wa filamu na kwa wenye majumba, ili waweze kutengeneza viti, mitambo na kuta. Kwa hiyo mtazamaji wa jiji kubwa, pasipo kujua, alichangia paa la jumba la mji mdogo.

Hata hivyo, mfuko huo peke yake haukutosha. Mwaka 1957 ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 400 nchini Ufaransa. Kufikia mwaka 1992 zilikuwa zimepungua hadi kiasi cha milioni 116. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani mwa watu. Miji midogo iliumia zaidi, kwani nakala za filamu zilipelekwa kwanza katika miji mikubwa, na zilipofika huko mashambani mazungumzo juu yake yalikuwa yamekwisha poa. Mwaka 1983 liliundwa shirika la kuyasaidia majumba ya mikoani, pamoja na kuyapatia nakala za filamu mapema. Kisha sheria ya tarehe 13 Julai 1992 ikaziruhusu halmashauri za miji na wilaya kutoa ruzuku kwa majumba yenye watazamaji wachache. Kikomo cha watazamaji hao kilipandishwa baadaye hadi wastani wa 7,500 kwa wiki. Yafaa kuangaliwa sharti moja la sheria hiyo: kwa kanuni ya jumla, ruzuku ya mwaka haikuruhusiwa kuzidi asilimia 30 ya mapato ya jumba. Maana yake ni kwamba jumba lisilo na watazamaji halingeweza kuishi kwa ruzuku tu.

Afrika ya Mashariki ilishika njia nyingine, ingawa haikuwa na upungufu wa mapenzi ya sinema. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921. Lilipoungua mwaka 1954, mahali pake pakajengwa Majestic. Miji kama Tanga, Moshi, Tabora na Wete nayo ilikuwa na majumba yake, mengi yakiwa mali ya wafanyabiashara wenyeji wa asili ya Kihindi. Filamu za Kihindi na za Kimisri ziliingia katika maisha ya watu hata watungaji wa taarabu wakazichukua tuni zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Lugha nayo haikubaki nyuma. Neno "picha" lilipata maana ya filamu nzima, na neno la Kiingereza lililoandikwa mbele ya jina la mchezaji mkuu likageuka "stelingi", yule ambaye watazamaji wote wajua kuwa hafi. Wasiojua Kihindi walisimuliana hadithi kwa Kiswahili barazani siku iliyofuata. Jumba lilikuwa moja tu, lakini masimulizi yake yalienea mtaa mzima.

Dola haikuliona jumba hilo kama kitu cha kurudishiwa fedha. Chini ya ukoloni na baada ya uhuru pia, kodi ya tafrija ilikatwa katika tiketi na kwenda katika hazina. Huko Zanzibar majumba yalitaifishwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Tanzania Bara iliunda shirika la filamu mwaka 1968, ambalo baadaye lilikabidhiwa uagizaji na usambazaji wa filamu. Nayo sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikayagusa baadhi ya majumba ya sinema. Hivyo dola ikawa mwenye nyumba, mwenye filamu na mtoza kodi kwa pamoja. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba umiliki wa umma na ruzuku ya umma ni kitu kimoja. Kwa hakika ni vitu viwili mbalimbali. Umiliki ulihamisha hati. Haukuhakikisha kwamba kiti kilichovunjika kitatengenezwa. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya sabini, filamu mpya na vipuri vya mitambo vikawa shida. Televisheni ilikwisha kuanza Zanzibar mwaka 1973, na katika miaka ya themanini ikaja mikanda ya video. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Nchini Kenya pia, baadhi yaligeuzwa makanisa na maduka.

Lakini hamu haikufa pamoja na majumba. Vibanda vya video, ambavyo Watanzania huviita "vibanda umiza" kwa sababu ya mabenchi na msongamano wake, vimeenea hata vijijini. Humo akazaliwa mtu asiyekuwapo katika jumba la zamani: msimuliaji anayeifasiri filamu ya kigeni papo kwa papo, akiwapa mashujaa wa Hong Kong na Mumbai Kiswahili cha mtaani. Vibanda hivyo ni ushahidi wa mambo mawili. Kwanza, watu wako tayari kulipa. Pili, bila ya mtaji wa pamoja malipo yao hayajengi kitu cha kudumu.

Wapingao ruzuku wana hoja nzito. Mji usio na dawa katika zahanati hauwezi kuambiwa ununue projekta kwanza. Tena, atoaye fedha hupenda kuchagua kitakachoonyeshwa. Nchi zilizozoea ukaguzi mkali wa filamu zina haki ya kuogopa jumba linaloitegemea halmashauri. Hoja hizi hazibatilishi ruzuku, zinaiwekea mipaka. Fedha ikitoka katika tiketi zenyewe, haiinyang'anyi zahanati kitu. Na msaada ukiwa na kikomo, sehemu kubwa ya mapato itoke mlangoni, basi mtazamaji atabaki kuwa na sauti kuliko diwani.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kikitoboka chini hakijai. Kwa miongo mingi watazamaji wa Tanga, Wete na miji mingine walikijaza kibaba hicho senti kwa senti. Jamii inayofikiria leo kulifufua jumba lake haina budi kuanza na swali hilo la hesabu: kile kinachokatwa katika tiketi kitarudi ukumbini kwa njia gani, na kwa kiasi gani? Bila ya jibu hilo, hata jumba jipya litafuata njia ya yale ya zamani.